Boga ni Mboga Kwanza: Jikoni mwa Lawino

Katika darasa letu la fasihi ya Afrika Mashariki, swali la Wimbo wa Lawino halijawahi kubadilika: jadili mgongano wa ukale na usasa. Jibu nalo huwa limekwisha kukaririwa kabla ya mtihani. Lawino ni ukale, Ocol ni usasa, Clementine ni tamaa ya Uzungu, na boga la mahameni ni utamaduni wa Mwafrika. Nimeandika jibu hilo mara mbili, na mara zote mbili nilipata alama nzuri. Makala haya ni ya kulipa deni, maana nilipata alama hizo bila kusema neno hata moja kuhusu sehemu ya shairi ninayoipenda kuliko zote, ile ya jikoni.

Tukumbushane kwa ufupi. Okot p'Bitek alizaliwa Gulu mwaka 1931 na kufariki mwaka 1982. Shairi lilitoka kwa Kiingereza mwaka 1966 likiitwa Song of Lawino. Toleo la Kiacholi, Wer pa Lawino, likachapishwa mwaka 1969. Mwaka 1975 Mtanzania Paul Sozigwa akalileta katika Kiswahili. Mimi ni Mwacholi. Nililisikia kwa Kiacholi kabla ya kulisoma kwa Kiswahili, hivyo kila nitakapogusa ubeti nitausimulia kwa maneno yangu mwenyewe. Lawino ni mke wa Ocol, msomi aliyemchoka. Analalamika sehemu baada ya sehemu: juu ya nywele, ngoma, dini, siasa, hata saa ya ukutani. Katikati ya malalamiko hayo, katika sehemu ya sita, anatukaribisha nyumbani kwa mama yake na kutuonyesha jiko.

Hapo sauti yake inabadilika. Kwa muda Lawino anaacha kulalamika na kuwa mwenyeji. Anatuambia tutazame kushoto: kuna jiwe kubwa la kusagia, limejaa vumbi la unga, na binti yake, lile jiwe dogo la mkononi, amekaa tumboni mwa mama. Hao wawili ndio waangamizaji wa ulezi uliochanganywa na muhogo na mtama. Kuna jiwe jingine la karanga na ufuta, linalong'aa kwa mafuta. Kuna mitungi, vyungu, nusu za vibuyu, rundo la kuni. Anazijua kuni kwa majina ya miti, na kwa kila mti anajua tabia yake motoni: huu huwaka taratibu, ule hauna budi kuachwa ulipo kwa sababu hautaki kabisa kushika moto. Kisha anatutania. Kwa nini, anauliza, magoti ya watu wanaokula ulezi ni magumu kuliko ya watu wa ndizi? Basi unga wa lile jiwe linaloliwa na miaka mnadhani unakwenda wapi?

Nilipousikia utani huo mara ya kwanza sikuwa nimefika Kampala. Sasa ninaishi katikati ya watu wa ndizi, ninakula matoke yao mara nne kwa juma na ninayapenda, na kila ninapopanda ngazi za hosteli yetu nayawazia magoti yangu.

Wahakiki wengi hupita haraka hapa kuelekea kwenye siasa, kana kwamba jiko ni pambo tu. Mimi naona kinyume chake. Hii ndiyo sehemu pekee ambayo Lawino anashinda hoja kwa hoja. Kwingineko anashinda kwa kejeli, kwa wivu, kwa sauti nzuri. Jikoni anashinda kwa sababu anajua anachokisema.

Chukua suala la sahani. Ocol anataka sahani nyeupe za kizungu. Lawino hasemi kwamba sahani hizo ni dhambi au ni usaliti wa mababu. Anakubali kwamba zinapendeza. Kisha anasema jambo ambalo mpishi yeyote anaweza kulijaribu jioni ya leo: weka ugali wa ulezi humo, ufunike, subiri kidogo, utaukuta umetoka jasho, chini umelowa, na wote umepoa. Uweke katika nusu ya kibuyu, nao utahifadhi joto lake na hautalowa. Mchuzi katika chungu nao utakaa moto. Kibuyu hunyonya mvuke; sahani ya kauri au ya bati haina pa kuupeleka, unarudi kwenye chakula. Hiyo ni fizikia, na Lawino hakuhitaji kuvaa koti jeupe ili aiseme.

Au chukua majiko. Jiko la mkaa, jiko la mafuta ya taa, jiko la umeme: la mkaa analichukia, na hayo mengine mawili anayaogopa, la umeme zaidi kwa kuwa lina macho mengi wala hajui alibonyeze lipi ili litapike moto. Tunacheka, na tunapaswa kucheka. Lakini ndani ya kicheko kuna hoja mbili ambazo hazitokani na woga. Kwanza, uso wa jiko la kizungu ni bapa, na chungu cha Kiacholi kina kitako cha duara. Hakikai. Kinataka mafiga. Pili, jiko hilo linamtaka mpishi asimame. Nani alisonga ugali wa ulezi amesimama? Ugali huo ni mzito, unadai mikono miwili na mgongo mzima, na chombo kilichotulia ardhini. Lawino anasema waziwazi kwamba majiko ya kizungu yanafaa kwa chakula cha kizungu. Kwa hiyo hasemi kwamba kila kilicho kigeni ni kibaya. Anasema chombo na chakula ni ndoa, na Ocol amenunua chombo bila kuuliza kitaoa nini. Sisi Waswahili wa kujifunza tunayo methali isemayo mchele mmoja mapishi mbalimbali, na tunaitumia kwa kila kitu isipokuwa mchele.

Sitaki kumpamba. Kuna mahali katika sehemu hiyohiyo ambapo Lawino anaanguka, nako ni pale anapozungumzia vyakula asivyovila. Mayai yasiyoiva vizuri ni makamasi. Nyama ya barafu ni mzoga wa ng'ombe aliyekufa zamani. Matusi haya yanachekesha, lakini ni matusi tu, na yana umbo lilelile la matusi ya Ocol juu ya vyakula vyake yeye. Tofauti kati ya ubeti wa kibuyu na ubeti wa mayai ni tofauti kati ya uhakiki na chuki: kimoja kimeonja, kingine hakijaonja. Ninashangaa kwamba wahakiki wanaomtetea Lawino huiona beti zote mbili kuwa sawa, ilhali mshairi mwenyewe amezitenganisha kwa kiasi cha maarifa alichokiweka katika kila moja.

Kuna pia swali la nani anasaga. Shairi linaupa usagaji uzuri wake wote, na uchovu wake halitaji. Bibi yangu, ambaye amesaga tangu utotoni, alipofungua mlango kwa mara ya kwanza wa banda la mashine ya kusaga katika kituo cha biashara karibu na kwetu, hakuulilia utamaduni. Alilia kwa furaha, na hili analisimulia yeye mwenyewe. Ulezi na muhogo wake tangu siku hiyo huenda mashineni. Lakini odii hapeleki. Odii ni karanga au ufuta uliokaangwa na kusagwa mpaka uwe laini na kutoa mafuta, nayo ndiyo roho ya mchuzi wetu. Mashine za odii zipo sokoni, tena ni za haraka. Bibi anasema odii ya mashine inanukia chuma na inanukia odii ya mteja aliyetangulia. Basi jiwe lake dogo bado lipo nyuma ya mlango, linang'aa kama lile la mama yake Lawino, na jiwe kubwa amelifanya kigoda cha kukalia akichambua mboga.

Sasa mwanafunzi mwenzangu aniambie: bibi huyu ni ukale au ni usasa? Amepitia vyombo vyake kimoja kimoja na kuamua kwa pua na kwa mgongo. Hivyo ndivyo Lawino anavyofanya anapokuwa katika ubora wake.

Inanibidi nisimame hapa kidogo, kwa sababu jiko ninalolieleza lilikuwa limefungwa kwa miaka mingi. Mimi nilizaliwa kambini. Kuanzia mwaka 1996 watu wa Acholi waliamriwa kuyaacha makazi yao na kukaa katika kambi kwa sababu ya vita, na kufikia mwaka 2005 takriban watu milioni 1.8 kaskazini mwa Uganda walikuwa wamehamishwa. Ninakumbuka kidogo sana. Ninakumbuka foleni, ninakumbuka nyumba zilizogusana paa kwa paa. Chakula kilikuwa cha mgao: mahindi, maharage, mafuta ya kopo. Hakuna aliyekuwa na deni la shukrani dogo kwa mgao huo, maana bila huo tusingekuwepo. Lakini mama yangu ana namna moja ya kuieleza kambi ambayo sijaisoma katika ripoti yoyote. Anasema kambini hakukuwa na msimu. Mwezi wa nne ulikuwa na ladha ya mwezi wa kumi na mbili.

Ili uelewe alichopoteza, lazima ujue mwaka wetu unavyoliwa. Kiswahili cha vitabuni kina masika na vuli, majira ya pwani na ya nchi zenye mvua mara mbili. Kwetu Acholi mvua huanza mwezi wa nne na, ikipumzika kidogo katikati, huendelea hadi wa kumi na moja. Kisha nchi hukauka mpaka ardhi ipasuke. Neno masika halilitoshei jambo hilo, na kila ninapoandika insha kuhusu nyumbani ninalitumia huku nikijua ninasema uongo mdogo. Mvua za mwanzo huleta kumbikumbi, wanaotoka kichuguuni usiku nasi tukawasubiri na moto wa nyasi. Wakikaangwa bila mafuta, kwa kuwa wana mafuta yao wenyewe, nyumba nzima hunukia. Huja majani machanga ya kunde, tunayoyaita boo. Huja maembe, na tunda la mti wa shea ambalo watoto hula nyama yake na kina mama huchukua mbegu, wakazikausha na kukamua moo yaa, mafuta mazito yanayotiwa juu ya mbaazi zilizopondwa. Hapohapo kuna njaa, tusiisahau: mwezi wa tano na wa sita ghala limebaki vumbi na ulezi bado uko shambani. Ndipo majani yanapotubeba. Malakwang, mboga chachu iliyo ndugu wa choya, huchemshwa, maji yake ya kwanza yakamwagwa ili ukali upungue, kisha ikatiwa odii na kuliwa na viazi vitamu. Ulezi hufika mwezi wa saba au wa nane. Ufuta hukatwa mvua zinapokwisha, mbaazi hukauka kiangazi.

Katika sehemu ya saba, mara tu baada ya jiko, Lawino anazungumzia wakati. Ocol ana saa kubwa ukutani na anamfokea mkewe kwa kutojua kuisoma. Lawino anajibu kwamba kwao wakati ni kazi na furaha: majira ya mvua ni kulima, kupalilia, kuvuna, kiangazi ni ngoma, ni kuwinda katika mbuga zilizochomwa. Wahakiki huziweka sehemu hizi mbili mbalimbali, moja chini ya "chakula" na nyingine chini ya "dhana ya wakati". Mimi nazisoma kama sehemu moja. Jiko la Lawino ndilo saa yake. Ukimwondolea mlo unaobadilika, umemwondolea kalenda, na hapo hata saa ya Ocol haitamsaidia kwa sababu itakuwa inahesabu masaa ya siku moja inayojirudia. Mama yangu, ambaye hakuwahi kulisoma shairi hili, alikuwa ametoa uhakiki huo katika sentensi moja.

Nirudi sasa kwenye boga, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Kwa Kiacholi methali inakataza kung'oa boga lililo katika mahame, yaani mahali familia ilipokuwa ikiishi kabla ya kuhama. Okot aliifanya methali hii kuwa kiini cha shairi, na walimu wetu wameifanya kuwa kiini cha mtihani. Boga ni utamaduni, usiung'oe. Sina ugomvi na tafsiri hiyo, ila inaruka hatua. Kwa nini boga, na si mwembe, au kaburi, au jiwe la kusagia lenyewe? Kwa sababu boga huliwa. Huliwa tunda, huliwa majani, huliwa maua, huliwa mbegu. Hustawi mahameni kwa kuwa pale palikuwa na zizi na jalala la majivu, udongo mnono. Waliohama hurudi kulichuma wakati wa njaa, na mpita njia asiye na kwao huchuma pia bila kuitwa mwizi. Anayeling'oa hapati kitu na anamnyima mlo mtu asiyemjua. Methali hii kabla ya kuwa falsafa ilikuwa ni adabu ya chakula. Waswahili nao walipotaka kusema habari za upendo walisema ukipenda boga upende na ua lake, na nina hakika aliyeitunga hiyo naye alikuwa ameshika kisu.

Tena boga si mnara. Ni mmea wa msimu mmoja. Hutambaa, huzaa, hukauka. Linaloonekana mahameni mwaka wa pili silo lile la mwaka wa kwanza. Ni mbegu zilizotupwa jalalani pamoja na maganda, au zilizobaki ndani ya tunda ambalo hakuna aliyewahi kulichuma. Katika Song of Ocol, kitabu cha mwaka 1970 ambamo mume anamjibu mkewe, Ocol anayaona mahame bondeni: vibanda vimeanguka, na boga kubwa linaoza likiwa limejaa wadudu. Anaapa kulima bonde lote na kuyageuza maboga kuwa mbolea. Wahakiki husema hapa ndipo Ocol anapoua ishara ya Lawino. Lakini mwulize mtu yeyote aliyewahi kuwa na shamba. Boga linalooza ardhini na mbegu zake ndani halijafa, limepandwa. Ocol anadhani ameona maiti, kumbe ameona kitalu, na kosa lake ni la mtu ambaye kwa miaka mingi ameletewa chakula mezani bila kuingia jikoni.

Tulipotoka kambini mwaka 2008 na kurudi nyumbani, hatukukuta boga. Ningependa kuandika kwamba tulilikuta. Makala haya yangekuwa mazuri zaidi. Tulikuta nyasi kupita kimo cha baba na mwembe mmoja, ambao ndio uliotuonyesha boma lilipokuwa. Miaka kumi na zaidi bila mtu ni mingi kwa boga, kwa sababu jalala halikuwa likipata majivu mapya wala maganda mapya. Bibi alinunua mbegu sokoni. Hilo nalo nataka tulitie katika uhakiki wetu tunapoimba kwamba boga lisiong'olewe: amri ya kutoling'oa inatosha pale tu ambapo kuna mtu anayeendelea kupika karibu. Lawino hakulisema hilo kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba siku moja jiko lenyewe lingehamishwa. Silaumu shairi la 1966 kwa kutojua ya 1996. Nasema tu kwamba msomaji wa Acholi wa leo hawezi kuusoma ubeti huo kama msomaji wa kizazi cha Okot.

Hapa Kampala ninapika juu ya jiko dogo la umeme lenye jicho moja, kwa hiyo angalau sina haja ya kuchagua la kubonyeza. Ninapika nimesimama. Malakwang huletwa na basi la kutoka Gulu, imefungwa ndani ya gazeti, pamoja na odii katika chupa ya plastiki iliyofungwa mara tatu. Majani yakifika yamenyauka, lakini uchachu wake haunyauki. Mwenzangu wa chumba anatoka Masaka, na mara ya kwanza alionja akakunja uso kama mtoto aliyepewa ndimu. Mwezi wa kumi na moja uliopita alininunulia senene waliokaangwa, nami nikakunja uso wangu. Kwa Kiganda mwezi huo wenyewe unaitwa Museenene. Sasa kila mmoja anaijua kalenda ya mwenzake kidogo, na bili ya umeme tunagawana.

Likizo iliyopita nilimsomea bibi sehemu ya sita kwa Kiacholi. Alisikiliza akiwa amekaa juu ya lile jiwe kubwa, anachambua boo. Alicheka sana kwenye magoti. Kwenye kuni alinikatiza mara mbili, mara ya pili akisema mshairi alikuwa mwanamume na inasikika. Kwenye kibuyu na sahani alitikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu anayesikia ushahidi mahakamani. Nilipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza:

"Na huyo Ocol, pamoja na maneno yake yote, jioni ile alikula nini?"

Nimelitafuta jibu katika vitabu vyote viwili. Sijaliona.